Mti si Adhabu

Nina neno ambalo walimu wenzangu huenda wasilipende. Katika shule zetu nyingi mtoto akichelewa, au akipiga kelele darasani, huambiwa, "Chukua debe, kamwagilie miche." Hata mimi nimesema hivyo mara nyingi. Siku moja nalimkuta kijana mdogo nyuma ya jiko la shule, aking'oa mche wa mvule kwa vidole vyake. Nikamwuliza sababu. Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, mche huu usipokuwapo sitatumwa maji tena." Nalirudi ofisini kimya, maana kosa lilikuwa langu. Tumewafundisha watoto kwamba mti ni ndugu yake fimbo.

Hapa Tanzania tuna siku ya kupanda miti. Masika yananyesha, wageni wamefika, na hesabu ya miche yaandikwa kitabuni kwa wino mzuri. Mwezi wa Juni mvua zimekoma, shule imefungwa, nao mbuzi wa majirani huingia bila hodi. Mwezi wa Septemba ni nani afunguaye kitabu kile ahesabu tena?

Marehemu Mama Wangari Maathai wa Kenya, aliyeianza kazi yake mwaka 1977, aliwapa wanawake fedha kidogo kwa kila mche uliopona, wala si kwa kila mche uliopandwa. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Je, sisi twashindwa kuhesabu kama yeye?

Nanyi wazazi msemao, "Sikumpeleka mwanangu shuleni akashike jembe," nawauliza: uji anywao huko wapikwa kwa nini? Ninyi wenyewe mwamtwisha kuni asubuhi. Kuni hizo ni za mti uliopandwa na nani?

Basi nashauri kila mtoto apewe mche mmoja uwe wake hata amalizapo shule. Maji yaliyooshea mikono na mboga yasimwagwe uani, bali yapelekwe kwenye mashina. Wakati wa likizo watoto wakaao karibu washike zamu, na mwalimu mmoja awe pamoja nao, asiwaachie peke yao. Na mwenye kosa? Azuiliwe zamu yake, akae kivulini atazame wenzake wakimwagilia.