Mnagombania Ruto na Gachagua, deni nyumbani ni moja

Kama kwenu ni Embu, kuna kikundi cha WhatsApp cha familia kilichonuna Juni 2024 na mpaka leo hakijapona vizuri. Mzee aliandika kitu kuhusu vijana wasio na adabu wanaovamia Bunge. Ukamjibu kwamba nyinyi ndio mlirauka 2022 kumpigia huyo mtu kura. Mjomba akatuma sauti ya dakika nne. Shangazi akatuma maombi. Kimya.

Tangu hapo kambi zimeongezeka. Oktoba 2024 Seneti ikamtimua Gachagua, Kindiki wa hapo jirani Tharaka Nithi akachukua kiti, na wazee wenyewe kwa wenyewe wakaanza kuangaliana vibaya kanisani. Huyu wantam, yule tutam. Novemba 2025 kiti cha Mbeere Kaskazini kilipopiganiwa, Kindiki upande huu na Gachagua upande ule, tofauti ikawa kura chini ya 500. Watu waliovuna ndengu pamoja miaka yote, nusu kwa nusu.

Sasa rudi nyuma kidogo, Mei 2024, mwezi mmoja tu kabla ya maandamano. Mombasa ilipopiga muguka marufuku, Embu hii ilikuwa kitu kimoja. Mzee mwenye shamba, mama anayechuma, kijana anayefunga mizigo, dereva wa probox anayekanyaga mafuta usiku, wote walijua hesabu ni moja. Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hiyo. (Mambo ya muguka na afya tuyaache, ni mjadala wa siku nyingine na mtanitukana vya kutosha.) Hakuna aliyesema hiyo ni shida ya wazee, au ni shida ya Gen Z. Pesa ilikuwa inaonekana ikitoka mfuko gani kuingia upi.

Ushuru ni mjanja zaidi. Unamgonga kila mtu pembeni, peke yake, halafu kila mmoja anadhani mwenzake yuko sawa.

Chukua mzee. Anakuambia yeye aliteseka na akavumilia, kwa hivyo wewe pia vumilia. Muulize karo yake ilitoka wapi. Kahawa. Mwishoni mwa miaka ya themanini Kenya ilikuwa inatoa karibu tani 130,000 za kahawa kwa mwaka. Mkataba wa kimataifa uliokuwa unalinda bei ukavunjika 1989, na siku hizi tunazungumzia kama tani 50,000. Babu alijenga nyumba ya mawe kwa kahawa, mzee akasoma kwa kahawa, wewe umepewa mashina mia mbili na hadithi. Ardhi iliyokuwa ya mtu mmoja imegawanywa mara mbili tayari. Uvumilivu wake ulikuwa na shamba chini yake. Wako uko juu ya pikipiki ya mkopo.

Lakini usimcheke bado. Huo mkopo wa pikipiki, mdhamini ni nani? Mama, kwenye chama chake. Ukikosa kulipa wiki tatu, mbuzi anayechukuliwa si wako. Na ile SHA, ambayo msee wa jua kali lazima alipe angalau 300 kwa mwezi na anaitishwa ya mwaka mzima kwa mkupuo, ni vijana wangapi hapa mjini wanaowalipia wazazi? Mimi ni mmoja. Kama umebahatika kuandikwa kazi, kabla hujaishika mshahara wameshakata asilimia 2.75 ya hiyo SHA na 1.5 ya nyumba ambayo huenda hutawahi kulala. Kinachobaki ndicho unachotuma nyumbani, na mzee anashangaa mbona ni kidogo.

Chuo niliacha mwaka wa pili. Karo ilikuwa inasubiri bonasi ya majanichai, na bonasi ikaja imekonda. Ndiyo maana mtu akiniambia bei ya majanichai ni siasa ya wazee, ninamwangalia tu.

Woga wao pia una sababu. Makumi ya vijana waliuawa kwenye maandamano ya 2024. Desemba hiyohiyo kijana alitekwa hapa Embu mjini, akiwa kinyozini, akarudi Januari 2025. Mzazi anayekuambia usitoke si lazima awe amenunuliwa. Ajabu ni kwamba wengi wao walikuwa vijana wakati wa Saba Saba ya 1990. Wanaijua rungu. Ila hawakuisimulia, na sisi tukadhani maandamano tuliyagundua kwa simu.

Na kura? Tunawalaumu wazazi kwa 2022, lakini tume yenyewe ilisema vijana walikuwa asilimia 39.84 ya waliojiandikisha, chini ya walivyokuwa 2017. Mzee alipiga kura mbaya, sawa. Wewe ulikuwa wapi?

Wikendi hii ukienda shags, fanya jambo moja kabla mtu hajataja jina la mwanasiasa. Muombe mzee karatasi ya malipo ya kahawa, ile yenye makato ya kiwanda, mbolea na mkopo wa sacco. Wewe toa yako, ya mshahara au ya pikipiki. Ziwekeni mezani, msome makato kwa sauti. Halafu muulize mkutano wa chama cha ushirika ni lini, maana namba ya uanachama ni yake, kura pale ni yake, na wewe unayelalamika kuhusu bei hujawahi kuingia huo ukumbi. Mwambie akikuandikishia mashina yako mia mbili, utamsindikiza. Yeye naye akusindikize kwa IEBC, maana ofisi iko wazi na 2027 ni mwakani tu ukihesabu vizuri.