Pua Isiyonusa Isipuuzwe

Nchi yetu ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 mwezi Machi, 2020, hofu ya wananchi ilikuwa juu ya mapafu, na ilikuwa haki. Lakini maradhi hayo yaliacha na kilema kisichoonekana: watu waliopona homa na kikohozi wakabaki hawasikii harufu. Walio wengi walirudiwa na hali yao baada ya majuma machache. Wachache wangali wanangoja. Hata mafua ya kawaida huweza kuleta msiba huo.

Wapo wanaolicheka jambo hili. Sisi hatuoni la kuchekesha. Mpishi wa Chikongola humkagua samaki kwa jicho na kwa pua; akikosa pua, huenda akaipakulia familia yake kilichooza. Chakula humpotezea ladha, mwili ukapungua na moyo ukasononeka.

Liko pia suala la gesi. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unakusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Ni shabaha njema, na Mtwara, yenye gesi ya Mnazi Bay, haina sababu ya kubaki nyuma. Lakini gesi ya kupikia hutiwa dawa yenye uvundo makusudi, ili mwenye nyumba agutuke inapovuja. Kwa asiyenusa, kengele hiyo hailii.

Wataalamu wameonyesha kuwa kirusi cha UVIKO-19 hushambulia hasa chembe zinazozitegemeza neva za kunusa ndani ya pua. Neva hizo zina uwezo wa kuchipua upya, na hapo ndipo penye tumaini. Mwaka 2009 Profesa Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walieleza zoezi jepesi: mgonjwa anuse waridi, mkaratusi, limau na karafuu, kimoja kimoja kwa sekunde chache, asubuhi na jioni, kwa majuma 12. Waliofanya hivyo walipata nafuu kuliko wasiofanya. Si wote wanaopona, na subira yahitajika. Lakini gharama yake ni ndogo. Tena karafuu ni zao la Unguja na Pemba, na marashi ya waridi si mageni kwa watu wa pwani.

Kinyume chake, kujifukiza kulikoenea mwaka 2020 hakujathibitishwa kurudisha harufu, na maji ya moto huunguza. Vidonge vya steroidi visimezwe bila amri ya daktari.

Kwa hiyo tunatoa rai. Zahanati na vituo vya afya viwaulize wagonjwa habari za pua zao, viwafundishe zoezi hili, na wasiopata nafuu wapelekwe Hospitali ya Mkoa, Ligula. Wauzaji wa mitungi wamweleze kila mnunuzi hatari ya kuvuja. Nyumba yenye asiyenusa imteue mwingine wa kuangalia jiko kila siku, na mpira wa gesi upimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Mgonjwa huyu haugui kitandani wala hafungwi bendeji, ndiyo maana husahauliwa. Lakini yeye naye ni mgonjwa, na anastahili kutibiwa.