Beji ya buluu Uingereza: makaratasi yanayotakiwa, na amana iliyomo ndani yake

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina mzee au ndugu anayeishi Uingereza, na suali hili hurudi kila mara: mama hawezi tena kutembea kutoka kwenye gari hadi mlango wa hospitali, ataipataje beji ya buluu ya kuegeshea?

Makaratasi yenyewe si mengi. Halmashauri ya anapoishi hutaka kujua yeye ni nani (cheti cha kuzaliwa, pasipoti au leseni ya udereva), uthibitisho wa anuani, na picha ya karibuni. Anayelipwa posho ya ulemavu hutia na barua yake. Hapa wengi hukwama. Barua inayosema tu kuwa analipwa haitoshi. Itakiwayo ni ile inayoonesha alama alizopewa katika kutembea, 8 au zaidi. Aliyepungukiwa asikate tamaa, kwani halmashauri inaweza kumtathmini, na ripoti za daktari humsaidia. Tangu Agosti 2019, katika England, hata ulemavu usioonekana kwa macho, kama usonji, huzingatiwa.

Tuangalie pia majina. Pasipoti ikisema Khamis na barua ya posho ikisema Hamisi, ni vyema kusawazisha kabla ya kutuma maombi.

Beji ikipotea, halmashauri iarifiwe. Ikiibiwa, polisi nao wapewe taarifa na nambari ya jalada ichukuliwe. Aliyeipoteza asiseme imeibiwa. Huo ni uongo, na umeandikwa.

Linalotusikitisha zaidi ni kuazimana. Beji ni ya mtu, si ya gari: mama anaweza kuitumia hata ndani ya teksi. Lakini kijana anayemwacha mama nyumbani akaenda kuegesha kwa beji yake anavunja sheria, na faini hufika pauni 1,000. Wapo wanaojitetea, "Nilikuwa namnunulia dawa yeye mwenyewe." Hata hilo haliruhusiwi, kumpeleka au kumfuata, ndiyo. Na kwa upande wa dini hatuoni njia ya kulihalalisha: nafasi ile ameizuia mlemavu mwingine, naye hata hakumuomba radhi.

Mzee akifariki, beji irudishwe halmashauri. Haimo katika mirathi.