Jiwe liko na uhai: tunadai hesabu mbele ya nyundo

Vijana wa Lubondja, Fizi, Baraka, na nyinyi wote wenye kutusoma,

Angalieni mawe makubwa ya milima yetu. Yale madoa ya kijivu, manjano na kijani yenye kushikamana na jiwe, si uchafu. Ni viumbe hai. Vinaitwa likeni: kuvu na mwani wanaishi pamoja kama nyumba moja. Mwani anatengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kuvu anashika jiwe na kutunza maji. Likeni haiko na mizizi. Inaishi kwa hewa na mvua, ndiyo maana moshi na vumbi vinaiumiza haraka. Na inakomaa polepole sana: zingine hazifikishi hata milimita 1 kwa mwaka. Doa moja pana kama kiganja linaweza kuwa lilianza mbele babu zetu hawajazaliwa.

Sasa jiwe likipasuliwa juu ya dhahabu, kokoto ao barabara, nyumba ya likeni imekwisha. Mti tunaweza kupanda tena. Jiwe tutalipanda wapi?

Marekani, mwaka 1995, serikali iliandika likeni moja, Gymnoderma lineare, ndani ya orodha ya viumbe vinavyolindwa na sheria. Inaishi kwenye miamba yenye ukungu na kwenye mawe ya mito. Hata miguu ya watalii ilihesabiwa kuwa hatari kwake. Huku kwetu, Itombwe ilifanywa hifadhi mwaka 2006, na tunasikia habari ya gorila. Ni vizuri. Lakini habari ya mawe, nani alikuja na daftari? Kitu kisichoandikwa kinavunjwa bule, na hakuna wa kujibu.

Kuna watakaocheka: «Vita iko, njaa iko, nyinyi munalilia madoa ya mawe?» Tunawajibu: vumbi lenye kuua likeni ndilo linaingia kifuani mwa mtoto. Mlima ukivunjwa bila mpango, tope inashuka ndani ya mto tunaokunywa. Hatumkatai mchimbaji mdogo anayetafuta unga wa watoto. Tunakataa wakubwa wenye kubeba dhahabu na kutuachia mashimo.

Na musituambie sheria haiko. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inaomba uchunguzi wa mazingira kabla ya kazi kuanza, si kisha. Julai 2024 gavana wa Kivu Kusini alisimamisha uchimbaji wa madini jimboni juu ya fujo. Lakini kusimamisha si kuhesabu. Mashine zikirudi, zitakuta jiwe bado halina jina.

Kwa hiyo tunadai:

1. Uchunguzi wa mazingira usomwe mbele ya wananchi, kwa Kiswahili na Kibembe, na mawe yahesabiwe ndani yake.

2. Miamba ya vyanzo vya maji isiguswe.

3. Vijana walipwe kufanya hesabu hiyo. Lupu, simu ya kupiga picha, daftari: haiombi makuta mingi. Sisi shomeri wenye diploma tuko hapa, na watoto wa milima wanajua kila jiwe.

Andika jina la jiwe la kwenu, piga picha, tuma. Tusingoje leta ianze.

Imefanyika Lubondja.
Sisi vijana wananchi.