Nani Astahiliye Kuitwa Gwiji?

Kinanie, huko Machakos, si mbali na mji wa Athi River, ni mahali palipotengwa kwa viwanda vya ngozi. Kwa sisi watu wa pwani, Kinanie ni bara, tena bara ya upepo na vumbi. Lakini palipo na madereva wa malori ya Mombasa hapakosi kahawa, wala hapakosi mabishano ya kandanda.

Usiku mmoja nilipokuwa huko, baada ya sala ya isha, tulikaa watu wanne mkekani. Utingo mmoja, kijana wa Tanga, alimtaja Mbwana Samatta akamwita gwiji. Dereva wake, mtu wa makamo kutoka Kisauni, akaweka kikombe chini.

"Gwiji wa wapi, mwanangu? Alipofika Ligi Kuu ya Uingereza alifunga bao moja tu. Gwiji ni Victor Wanyama."

Kahawa ikapoa hapo hapo.

Mimi naona ugomvi wenyewe ni juu ya neno. Siku hizi kila apachikaye mabao mawili huitwa gwiji. Sisi hatukulelewa hivyo. Mtu haitwi malenga kwa kuwa ametunga. Huitwa hivyo na watunzi wenziwe waliokwisha kumpima. Mwanachuoni hajipi cheo, hupewa ijaza na mwalimu wake. Fundi wa majahazi hujulikana chombo kishukapo majini. Kwetu jina kubwa lina mashahidi. Basi na tuwaite mashahidi wa Samatta.

Shahidi wa kwanza ni kazi yake. Alitoka Simba akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika, naye alifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger. Januari 2016, mjini Abuja, alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora miongoni mwa wachezao ndani ya Afrika. Akaenda Genk ya Ubelgiji, na katika msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, Genk ikawa bingwa. Mwaka 2019 akapewa Kiatu cha Mpingo, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya huko.

Shahidi wa pili ni wakubwa aliokutana nao. Novemba 5, 2019, alifunga uwanjani Anfield dhidi ya Liverpool, waliokuwa mabingwa wa Ulaya. Machi 1, 2020, akiwa na Aston Villa, alifunga Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi, ingawa Manchester City walishinda 2-1.

Dereva hakusema uwongo. Katika ligi Samatta alicheza mechi 14 kwa Villa akafunga bao 1. Lakini Villa ile ilikuwa ikipigania isishuke daraja, na mshambulizi asiyeletewa mpira ni mvuvi aliyenyimwa chambo.

Wanyama naye ana mashahidi. Mwaka 2012 aliifungia Celtic walipowashinda Barcelona 2-1. Februari 2018, akiwa Tottenham, naye alifunga Anfield kwa mkwaju wa mbali. Tena yeye ni kiungo, na kazi ya kiungo haihesabiwi kwa mabao.

"Na Cairo je?" dereva akauliza, akipiga mkeka kwa kiganja. Juni 27, 2019, katika Kombe la Mataifa ya Afrika, Wanyama aliiongoza Kenya na Samatta akaiongoza Tanzania. Kenya ilishinda 3-2. Nilimkumbusha kwamba Samatta alifunga usiku ule, na kwamba mabao mawili ya Kenya yalikuwa ya Michael Olunga. Ushindi wa taifa haumvui mtu mmoja sifa yake.

Hukumu yangu ni hii. Tukiwapima kwa kipimo cha Mohamed Salah, wote wawili hawafiki, na tusijidanganye. Lakini Afrika Mashariki Samatta ni gwiji, na Wanyama ni gwiji pia. Jina hilo halijai mtu mmoja.

Yule kijana alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia, "Mzee wangu, mimi nilicheza mpira mpaka nikaacha. Kama Samatta si kitu, sisi wa mitaani ni nini?"

Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi. Tukiligawa jina bure, watoto watadhani kazi ni nyepesi. Tukilizuia mpaka Ulaya ituruhusu, tutawafunza kwamba mtu wa kwao hatoshi kamwe. Na mara nyingi hulizuia mpaka mazikoni, mwenyewe asipoweza kulisikia tena. Dini yetu imetuamuru tushuhudie kwa uadilifu, hata ushahidi ukiwaelemea jamaa zetu. Basi uadilifu huo huo utulazimu kusema mema ya haki, hata yakimwendea jirani.

Dereva alilipa kahawa zote, akainuka.

"Haya, mpe ugwiji wake," akamwambia kijana. "Lakini kesho usiniletee mwingine."