Uchambuzi: Maandishi ya serikali ya Uganda ni mali ya nani?

Katika kilima cha Old Kampala, Frederick Lugard alijenga ngome mwezi Desemba 1890. Leo kilima hicho kinatawaliwa na Msikiti wa Kitaifa wa Uganda, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008. Tuseme mwanafunzi anataka kuandika habari za kilima hicho katika Wikipedia ya Kiswahili au ya Kiganda, na amekuta maelezo mazuri katika tovuti ya taasisi ya serikali. Je, anaruhusiwa kuyanakili kama yalivyo?

Jibu la sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 lina pande mbili. Sheria za nchi, hukumu za mahakama na ripoti za tume za uchunguzi hazilindwi. Kwa hiyo ripoti ya Tume ya Jaji Arthur Oder, iliyotolewa mwaka 1994 kuhusu ukiukaji wa haki za binadamu tangu 1962 hadi 1986, inaweza kunakiliwa na yeyote. Lakini kazi nyingine zinazoandikwa kwa maelekezo ya serikali huwa mali ya serikali, isipokuwa pawepo makubaliano tofauti. Ndivyo inavyotokea kwamba ripoti nzito ya mateso iko huru, ilhali kijitabu cha utalii kimefungwa.

Sheria ya mwaka 2005 ya kupata habari haiondoi kikwazo hiki. Inampa raia haki ya kusoma, wala si haki ya kuchapisha upya. Nayo Wikipedia haipokei ruhusa nusunusu: maandishi yake lazima yaweze kunakiliwa, kubadilishwa na hata kuuzwa na mtu yeyote, mradi chanzo kitajwe na leseni iendelee kuwa ileile.

Kwingineko njia imepatikana. Nchini Marekani, kazi za watumishi wa serikali kuu hazina hakimiliki. Uingereza, ambayo Uganda ilirithi kwake misingi mingi ya sheria, ilianzisha leseni huria ya serikali mwaka 2010.

Wapo watakaohofu kwamba uhuru huo utaleta upotoshaji. Hofu hiyo ina uzito, lakini hatari ya pili ni kubwa zaidi: kamusi elezo kugeuka kipaza sauti cha dola. Old Kampala yenyewe ni funzo. Kuhusu vita vya Mengo vya Januari 1892, maelezo ya Lugard, aliyewapa Waprotestanti bunduki, yaligongana na ya wamisionari Wakatoliki. Ruhusa ya kunakili haimwondolei mwandishi wajibu wa kulinganisha.

Kwa sasa mwanafunzi wetu anaweza kuandika kwa maneno yake mwenyewe, kwani ukweli wa kihistoria hauna mmiliki. Hata hivyo, maandishi yaliyogharimiwa na mlipa kodi yangeweza kumrudia kwa sentensi moja tu ya leseni chini ya ukurasa. Uamuzi huo uko mikononi mwa serikali.