Kitabu cha Bustani kwa Kiswahili Ki Wapi?

Anayepita Mutuini asubuhi, huku viungani magharibi mwa Nairobi, hakosi kuona jinsi wakazi wanavyopenda maua. Mashamba ya mababu yamegawanywa yakagawanywa tena, na nyumba za kupangisha zimeota palipokuwa na mihindi. Hata hivyo, kwenye veranda utakuta jeraniamu ndani ya kopo la rangi, na ukutani bogenvilea imetambaa. Wanaodai kwamba maua ni anasa ya matajiri wa Karen hawajafika kwetu.

Linalonikera ni kwamba mpenda maua huyu hana kitabu cha kumwongoza katika lugha aisomayo kwa wepesi. Si kwamba vitabu havikuandikwa. Mnamo 1934 kilitolewa kitabu cha Kiingereza, Gardening in East Africa, kilichohaririwa na Dkt. A. J. Jex-Blake, na baadaye kikachapishwa upya mara kadhaa. Kilikuwa na manufaa, kwani waliokiandika walizijua mvua zetu mbili na udongo wetu. Lakini kilimlenga mwenye bustani, si aliyeshika jembe. Huyu wa pili alipewa amri kwa mdomo, na maarifa aliyoyachuma kwa miaka mingi akazikwa nayo.

Hebu tutazame kinaya kimoja. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa Mjerumani aliyehudumu Tanga, ndiye aliyempelekea babake huko Ujerumani ua dogo la zambarau kutoka milima ya Usambara. Mwaka 1893 wataalamu wakaliita Saintpaulia, na leo linauzwa vyunguni kote duniani. Bwana huyo huyo alikuwa amechapisha, mwaka 1890, kitabu cha kuwafunza Wajerumani Kiswahili! Aliyelichukua ua alikuwa ameishughulikia lugha kwanza. Sisi tulio na lugha tumeliacha ua lielezwe na wengine.

Ukosefu huu una gharama. Nimeona uwanja wa shule ukizungushiwa mnyaa, ilhali utomvu wake ukiingia jichoni huweza kumpofusha mtoto kwa muda, au hata kumdhuru zaidi. Nimeona pia lile ua jeupe linaloning'inia kama tarumbeta likipandwa karibu na madarasa ya chekechea, nalo lina sumu kuanzia mzizi hadi mbegu. Waliopanda hawakuwa wazembe. Walivutiwa na uzuri, na hapakuwa na ukurasa wa kuwaonya.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hayo ni maneno ya wasiopata kushika kamusi. Tuna kitalu, samadi, matandazo, kipandikizi na kupogoa. Pwani kuna mwasumini, mlangilangi, mkilua na mkadi, na akina mama wa Lamu na Mombasa wanajua lipi huchumwa jioni na lipi hutiwa katika kikuba. Ugumu wa kweli uko huku bara, ambako mimea mingi ya mapambo ilitoka ng'ambo na kila muuzaji huibatiza apendavyo. Mche mmoja nimetajiwa majina matatu katika vitalu vitatu vya barabara ya Ngong.

Wachapishaji, nao, hutazama silabasi kwanza, na siwalaumu sana. Ndiyo maana kazi hii naiona ikianzia kwetu walimu. Mwanafunzi wa Kiswahili na mwenzake wa Kilimo wakienda pamoja vitaluni wakati wa likizo, na daftari mkononi, watarudi na majina, misimu na tahadhari ambazo hazimo katika kitabu chochote nilichopata kukiona dukani.

Mimi nilijaribu. Nilimwuliza muuza miche mmoja angependa kitabu kama hicho kianze na nini.

"Kianze na maji, Mwalimu," akajibu bila kusita. "Wateja huimwagilia hadi mizizi ikaoza, kisha wanarudi kunigombeza mimi."